Mugomba Uliovaa Kitenge Changu

Gusa muguu wangu wa kushoto. Usiogope, gusa. Sasa gusa wa kulia. Umesikia tofauti? Watu wengi nikianza kuwaeleza hii habari wanasema huyu mama anatunga, na mimi sigombani nao tena, navua kiatu tu. Mutu anaweza kutunga maneno, lakini baridi ya kwenye muguu wake mwenyewe ataitunga namna gani? Nimeenda kwa daktari hapa Goma, nimeenda mpaka Bukavu. Wote wanapima damu, wanasema damu iko sawa, wananiambia nivae soksi.

Mimi ni mushonaji wa nguo. Cherehani yangu iko mutaa wa Majengo, nyumba yetu iko mutaa wa Mabanga, na wazazi wangu walitoka Butembo wakati mimi ningali mugongoni. Si mutu wa kuotaota. Wateja wangu wanajua: ukiniletea kitambaa kifupi nitakuambia ni kifupi, sitakuambia Mungu atasaidia. Kwa hiyo nisikilize kama unavyomusikiliza mutu anayekupima kiuno.

Kabla sijakupandisha kwenye ndege, kuna jambo moja lazima ulielewe. Kwetu, mutu akifa na mwili wake usionekane, hatumuachi hivyo. Tunakata mugomba, shina lenye urefu wake, tunauvalisha nguo yake, tunauteremusha kwenye shimo. Mukubwa wa familia anatupa udongo kwanza, kisha anaita jina la yule mutu kwa sauti, mbele ya watu wote. Jina likishaitwa, huyo ni maiti. Kilio kinakwisha, na mwenyewe huko aliko anapata pa kulala. Kaka yangu Mumbere, mutoto wa kwanza wa mama, alipotea kwenye ziwa wakati wa vita iliyotangulia. Mutumbwi aliopanda akikimbilia Bukavu haukufika. Mama alimungoja muda murefu, na kila jioni alikuwa anamuwekea sahani. Mwishowe wazee wakamubembeleza, tukamuzikia mugomba, na ile sahani ikarudi kwenye kabati. Ila vita ilipoendelea, watu wa hapa tukazoea vibaya. Tukawa wepesi wa kuzika. Mutu anachelewa kidogo tu, tayari panga iko kwenye mugomba.

Basi mwaka ule wapiganaji walikuwa wanakaribia Goma tena. Barabara imefungwa, boti zimekatazwa. Dada yangu alikuwa amezaa Bukavu, nikaenda kumuona, na kwa kurudi ikabaki njia ya juu peke yake. Ndege kadogo ka moteri moja, kale kanakotetemeka hata kakiwa kamesimama. Ndani tulikuwa watatu: piloti, mimi, na Papa Kakule, muchuuzi wa mafuta ya mawese, ambaye alikuwa anarudisha bidoni zake tupu, yale madumu ya plastiki, zote zimefungwa kwa kamba. Piloti alizilalamikia. Alisema ndege yake si kibanda cha soko. Papa Kakule akamujibu kwa upole kwamba bidoni tupu haina uzito, hata kuku anaishinda. Nilicheka sana. Kumbe nilikuwa nazichekea bidoni ambazo zingeniokoa.

Tulikuwa juu ya ziwa Kivu, kisiwa cha Idjwi kinaonekana upande, wakati moteri ilipokohoa. Ikakohoa tena, kama muzee anayetaka kusema jambo, kisha ikanyamaza. Unajua kinachotisha ni nini? Si kelele. Ni kusikia upepo unapita kwenye mabawa na hakuna kingine. Piloti hakupiga kelele. Alisema bila kugeuka, "Vueni viatu. Mukanda muufungue nikisema, si kabla." Papa Kakule akaanza Salamu Maria. Na mimi, niseme ukweli, nilikasirika. Nilikuwa nimeacha gauni ya ubatizo kwenye cherehani, mukono mumoja haujashonwa, na mwenye gauni alikuwa anaingojea. Nikajisema: sitakufa na kazi ya watu haijakwisha.

Maji ya Kivu ukiyaangalia kutoka juu ni laini. Ukiyagonga ni mawe. Tuligonga, tukaruka, tukagonga tena, pua ikaingia chini na mukia ukaja juu. Kukawa giza, maji, na harufu ya mafuta. Nilifungua mukanda, nikasukuma kila kilichokubali kusukumwa, na sijui vipi, nikatokea juu. Papa Kakule alikuwa ameshika furushi la bidoni kwa mukono mumoja, na kwa mwingine amemushika piloti, ambaye damu ilikuwa inamutoka kichwani. Bidoni moja ilikuwa imekatika kutoka kwenye kamba. Ilinipita, nikaikamata. Hapo hapo mvua ikashuka, ile mvua ya Kivu isiyobisha hodi. Nikawaita, sauti haikufika. Baadaye Papa Kakule aliwaambia watu kwamba aliona wimbi likinifunika na hakuniona tena. Hakudanganya. Wimbi lilinifunika kweli, ila mimi sikubaki chini.

Mvua ilipopita, hakukuwa na mutu. Upande huu maji, upande ule maji, na jua limeanza kushuka. Nilikumbatia bidoni yangu, nikaanza kupiga miguu kuelekea pahali nilipofikiri kisiwa kiko. Kila teke nilisema kwa sauti, "Sifi hapa. Sifi hapa." Koo ilikauka, na ziwa zima liko kwenye kidevu changu.

Ndipo nikaona mwanamuke amesimama.

Ngoja, najua unafikiri pale palikuwa mwamba. Muulize muvuvi yeyote wa Kivu. Ukitoka pwani kidogo tu, kamba yako haifiki chini. Huyu mama alikuwa amesimama katikati ya ziwa, maji kwenye kiuno, kichwani amebeba mukeka uliokunjwa, ameushika kwa mukono mumoja, kama wakimbizi wanavyosimama kwenye barieri ya waaskari wakingoja kuitwa. Mawimbi yalikuwa yanapita, yeye hasogei. Na mimi ni mushonaji, macho yangu yalienda kwenye nguo. Alivaa kitenge cha njano chenye ndege wa bluu, kimefungwa begani. Pindo halikushonwa, nyuzi zinaning'inia. Na kilikuwa kikavu. Niamini, kuanzia kiuno kwenda juu kilikuwa kikavu kama kitu kilichoanikwa tangu asubuhi, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha sasa hivi.

Ungekimbia? Kwenda wapi? Nilimusalimia. Nilifundishwa kusalimia.

"Salama, mama?"

"Salama," akajibu. Kiswahili chake kilikuwa na sauti ya Kinyarwanda, kama cha watu wengi wa Rutshuru na Masisi. Kisha akaniuliza, kwa adabu, kama unavyomuuliza mugeni kama amekula: "Umekufa?"

"Hapana, mama."

"Basi usilale. Nifuate."

Akageuka, akaanza kutembea. Maji yalibaki pale pale kwenye kiuno chake, hayapandi, hayashuki. Nikamufuata. Miguu niliendelea kuipiga. Yeye alikuwa anaongea bila kugeuka. Alisema walikuwa wakimbizi. Walitoka kwenye kambi usiku ambao kambi ilishambuliwa, wakajaa kwenye mutumbwi mumoja, mume wake, watoto, mama mukwe, ndugu zote. Mutumbwi ukapinduka.

"Hakukubaki mutu wa kuwazika?" nilimuuliza.

"Wao maji yaliwatoa kwenye muchanga. Watu wa kisiwa wakawafunika. Mimi sikuonekana. Na kila mutu aliyejua jina langu alikuwa ndani ya ule mutumbwi." Aliupanga mukeka vizuri kichwani. "Wewe watu wako bado wako. Watasema umekufa. Watakata mugomba."

"Mama, desturi yetu umeijulia wapi?"

"Kwetu tunafanya tofauti. Lakini huku niko nawaona wenu. Wanasimama kama mimi, kisha siku moja wanaitwa, wanaenda kulala. Mimi ninabaki."

Nikasikia huruma, na nikasikia woga zaidi, maana nilianza kuelewa pahali maneno yanakwenda. Akasimama. Aligeuka sasa, akaniangalia. Uso wake ulikuwa uso wa mutu aliyechoka tu, si kitu kingine.

"Wakiita jina lako juu ya ule mugomba, hautafika kwenu. Hata ukiwa kwenye mulango, hautafika. Utarudi usimame huku. Fika kabla hawajaita. Na ukifika, usiutupe. Mugomba mumoja, mutu mumoja. Waambie waite langu."

"Jina lako nani, mama?"

"Mukamana."

Akanirudilisha hilo jina mara tatu, kama mwalimu. Nikamuapia kwa Mungu na kwa mama yangu. Nikamuambia hata kama nyumba nzima itanikatalia, litaitwa. Hakunishukuru. Alitikisa kichwa kidogo, mukeka ukatikisika, na kwa mbali nikaanza kusikia wimbo.

Walikuwa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo. Wenye kuishi hapa wanajua: jua likishuka wanatoka na mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wanaimba ili makasia yaende pamoja. Niliita kwa nguvu zote. Wimbo ukakatika. Mitumbwi ikaja polepole, ikasimama mbali kidogo, na hakuna aliyeninyooshea mukono. Muzee wao akamega kipande cha bugali, akanitupia.

"Kula kwanza, mama," alisema. "Ukila tutakujua."

Aliyekufa hali chakula, ndiyo kipimo chao. Nilikula ile bugali imelowa maji ya ziwa, na mpaka leo sijaonja kitu kitamu kuipita. Ndipo wakanivuta ndani, wakanifunika koti. Nikawauliza, "Na yule mama?" Hakuna aliyegeuza kichwa.

"Yule wa mukeka tunamujua," muzee alisema. "Siku zote tunamutupia bugali. Hajakula hata siku moja. Usimuangalie sana."

Nilimuangalia. Jua lilikuwa linamalizika, na kilichobaki kuonekana ni mukeka tu, umenyooka juu ya maji.

Walinipeleka kwao Idjwi, wakaniwashia moto. Asubuhi nikataka kuondoka, ziwa likakataa, upepo ukaanza kuangusha migomba. Rezo ya simu ilikuwa imekatwa sababu ya vita, na simu yangu yenyewe iko chini na ndege. Upepo ulipotulia, wavuvi wakakataa wao, maana waaskari walikuwa wanapiga risasi kila mutumbwi unaoelekea Goma. Niligombana na kile kijiji chote. Wake zao walinihurumia. "Pumzika, mama, umefufuka jana tu," waliniambia. Niliwajibu kwamba nitapumzika nikifika, na nikaenda kukaa ndani ya mutumbwi wa muzee, nikakataa kutoka. Alikuja akaniangalia, akaenda, akarudi. Mwishowe akasema Goma hapana, lakini upande wa Sake ataniacha. Alfajiri tulikuwa kwenye maji, na saa ya watu kunywa chai nilikuwa nimesimama kwenye barabara ya Sake bila viatu.

Barabara ilikuwa imejaa. Masisi yote ilikuwa inashuka kukimbilia Goma, mbuzi, masufuria, wazee mugongoni. Na kila mwanamuke amebeba mukeka kichwani. Fikiri mwenyewe moyo wangu. Kila nikimupita mumoja namuangalia kama kitenge chake kina ndege wa bluu. Nilikuwa natembea, nakimbia kidogo, natembea tena.

Hapo ndipo nikaanza kusikia mulio ndani ya kifua changu: ko. Kimya. Ko. Kimya. Chuma kinagonga jiwe. Nikamuuliza mama aliyekuwa karibu kama anasikia. Akasikiliza, akasema labda ni silaha za mbali. Haikuwa silaha. Nilijua ni nini. Unajua Goma imejengwa juu ya jiwe la mulima wa moto. Kuchimba kaburi Mabanga si kazi ya jembe, ni vyuma vizito na wanaume wenye mabega, na wanabadilishana mpaka jasho linakauka. Lile jiwe tulilitukana kila siku kwa sababu haliotishi hata muhogo. Siku ile lilikuwa linawachelewesha wazishi wangu. Nikawa naliombea. Nasema: jiwe, kaza.

Nilipofika Mugunga, pale mji unapoanzia, mulio ukaacha. Nikasimama. Nikangoja usikike tena, haukusikika. Shimo lilikuwa limekwisha.

Kulikuwa na chukudu inapita, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, imebeba magunia ya makaa, na mwenyewe anaisukuma kwa muguu mumoja. Nikasimama mbele yake.

"Papa, nipeleke Mabanga."

"Mama, si unaona nimebeba makaa? Sibebi watu."

"Nyumbani wananizika sasa hivi."

Akaniangalia nywele, akaniangalia miguu. "Wanamuzika nani?"

"Mimi."

Alifikiri. Nafikiri alitaka kucheka, kisha uso wangu ukamukataza. "Basi panda juu ya magunia," alisema. "Maiti mwenye kuchelewa kilio chake, sijawahi kumubeba."

Mungu amubariki yule baba popote aliko. Alisukuma kama mutu anayekimbiza mwizi. Kwenye miteremuko aliinama, akanena "Jishike, mama", na watu walikuwa wanaturukia pembeni. Milio ya silaha sasa ilisikika kweli, upande wa mulima. Na tulipokuwa tunaingia Mabanga, muguu wangu wa kushoto ukaingia baridi kwa ghafula, kutoka kwenye vidole mpaka kwenye goti, kama mutu ameutia ndani ya udongo. Nikajua udongo wa kwanza umetupwa. Kulibaki jina tu. Niliruka chini kabla chukudu haijasimama, nikaanguka, nikainuka, nikaingia kwenye kiwanja chetu nikivuta ule muguu.

Nitakuambia nilichokiona. Wamama wamekaa chini, vitambaa kichwani. Nyuma ya nyumba, shimo. Ndani ya shimo, mugomba, umevaa kitenge changu cha Pasaka, kile nilichokishona mwenyewe na kola, na kitambaa changu cha kichwa kimefungwa juu. Baba mukubwa amesimama, mukono wake una udongo, amevuta pumzi, kinywa kimefunguka.

"Baba mukubwa, nyamaza!"

Mutu hamuambii baba mukubwa hivyo. Kwetu hata ukiwa na mvi haumuambii. Alinyamaza. Na wale watu wote waliokuja kunililia, ningekuwa na nafasi ningecheka. Wengine waliruka ukuta. Kiongozi wa kwaya alipita kwenye dirisha. Papa Kakule, ambaye aliokotwa na mutumbwi mwingine pamoja na piloti, na alikuwa amekuja mwenyewe kueleza nilivyozama, alipiga magoti, akaendelea na Salamu Maria yake.

Mama yangu hakukimbia. Aliniangalia tu. Akaingia jikoni, akarudi na kipande cha bugali, akaninyooshea. "Kula," alisema. Nikala. Alinitazama mpaka nikameza, ndipo akanishika. Alinishika kwa nguvu, na mimi nililia kwa mara ya kwanza tangu moteri ilipozima.

Baba mukubwa alikuwa wa kwanza kurudiwa na sauti. Alieleza kwa nini waliharakisha: wapiganaji wako karibu, familia inakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, leo leo, na wasingeweza kuniacha bila kuzikwa. Wote walisikitika. Kisha akasema, "Utoeni huu mugomba, mukautupe mbali, tuondoke."

"Hapana," nilisema. "Una mwenyewe."

Nikawaeleza, kama nilivyokueleza wewe. Nilipotaja jina, Mukamana, watu wakaangaliana, maana ni jina la Kinyarwanda. Kwetu jina linatosha kujua mutu ni wa upande gani.

"Mumbere alikuwa anawakimbia nani?" baba mukubwa akaniuliza, polepole. "Si watu wa luga hiyo? Leo tuwazikie mutu wao hapa, kwenye kiwanja cha Mumbere?"

"Na yeye alikuwa anakimbia, baba."

"Mutoto, silaha hizo hauzisikii?"

"Nazisikia. Sitoki hapa mpaka jina liitwe." Nikakaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ndani. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na njaa, na ningekaa pale mpaka wapiganaji wanikute. Nilikuwa nimeapa.

Mama akaja, akachuchumaa karibu yangu. Aliongea chini, kama tuko wawili.

"Huko kwenye maji, ulimuona Mumbere?"

"Hapana, mama."

"Uliangalia vizuri?"

"Nilimuona yule mama peke yake. Alisema wetu wanaitwa, wanaenda kulala. Yeye tu ndiye anabaki."

 Miaka yote ile mama hakuwa ameamini ule mugomba. Alikuwa ameacha kuweka sahani kwa sababu wazee walimuambia, lakini hakuwa ameamini. Niliona mabega yake yanashuka. "Basi mugomba wake ulifika," alisema. "Amelala." Akajifuta uso, akasimama, akaanza kufungua kitenge chake cha juu, kile kipya alichopewa kwa ajili ya kilio changu. "Maiti haizikwi uchi. Muvueni nguo ya mutoto wangu, mumuvalishe hii."

Nilishuka mwenyewe, nikavua kitenge changu kutoka kwenye mugomba. Kile cha mama kilikuwa kimekatwa tu dukani, pindo bado. Nikaomba sindano na uzi. Baba mukubwa alisema nimerukwa na akili, watu wanakimbia na mimi nashona. Nilishona. Nilikaa ndani ya kaburi langu nikashona pindo, upande huu na upande ule, hatua ndogo, mafundo mazuri, na juu wanaume walikuwa wanafunga mizigo. Yule mama alikuwa amesimama na nyuzi zinaning'inia miaka mingapi? Sikutaka aende kulala hivyo.

Baba mukubwa alikataa kuita. Mama ndiye aliita. Alisimama, akatupa udongo wake, akasema kwa sauti, "Mukamana." Wamama waliobaki wakapokea kilio, kilio kizima, kama cha mutu wa nyumba. Tukafukia. Tukaenda na wakimbizi wengine mpaka ng'ambo, tukalala nje, na vita ilipopita tukarudi.

Kaburi liko. Baba mukubwa mwenyewe ndiye anang'oa majani pale, na ukimuuliza anasema alikuwa anapita tu. Mimi nilirudi kwa wavuvi na mashati niliyowashonea. Yule muzee aliniambia kwamba mama wa mukeka hawamuoni tena. Siku moja, na ilikuwa ni siku ile tuliyozika, waliona mukeka peke yake unaelea. Wote walisimamisha makasia wakauangalia. Alisema ulilowa, taratibu, kutoka pembeni kwenda katikati, kisha ukazama.

Muguu wangu wa kushoto haukupata joto. Udongo wa kwanza ulikuwa wangu, na udongo uliotupwa hauokotwi. Nimeukubali. Usiku navaa soksi, kama daktari alivyosema.

Sasa wewe, nikuonye. Mutu wako akipotea, weka panga chini, tafuta kwanza. Uliza wavuvi, uliza kisiwani, gombana na waaskari kama lazima. Haraka yako inaweza kumukuta kwenye mulango. Lakini ukishajua kweli kwamba hatarudi, usimuache amesimama. Na hawa unaowaona kila siku wanashuka na mikeka kichwani, usiwapite kama miti ya barabara. Kama hauna cha kuwapa, waulize jina. Mimi nawauliza wote. Pale Majengo wananicheka, wanasema fundi amerukwa na akili. Mukimbizi anapita mbele ya cherehani yangu, nasimamisha gurudumu, nauliza jina, na nalirudilia mpaka nimelishika.

Na wewe umekaa hapa muda wote huu, nimekugusisha muguu wangu, na jina lako sijalisikia. Unaitwa nani?